Mauti ya Nyumba: Kifo katika Al-Inkishafi

Ushairi wa Kiswahili umezungumza na kifo tangu tungo za kale kabisa tulizonazo. Waliougua waliusia, waliofiwa waliomboleza, na waliokufa vitani walitungiwa tenzi ndefu za mashujaa na mashahidi. Lakini upo utungo mmoja uliokifuata kifo mpaka chumbani, ukakagua kitanda, ukaangalia ukuta, ukasikiliza kilichobaki baada ya watu kuondoka. Huo ni Al-Inkishafi, wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ambao wataalamu wengi wanaukadiria kuwa ulitungwa kati ya 1810 na 1820. Beti zake hazifiki mia.

Wanafunzi wengi hukutana nao wakiwa wameshaambiwa dhamira yake: dunia ni hadaa, tubu kabla hujafa. Dhamira hiyo imo, na mshairi aliikusudia kwa moyo wote. Ila mawaidha ya namna hiyo yalisemwa na wengi katika Pate, Siu na Lamu, kila Ijumaa na kila matangani. Kwa nini huu ndio uliodumu vinywani mwa watu wasiojua hata jina la mtunzi? Naamini nguvu yake haitoki kwenye moto wa Jahanamu, ambao umeelezwa mwishoni kwa ufundi lakini kwa desturi. Inatoka katikati, kwenye nyumba. Sayyid Abdalla alikichukua kifo, kitu ambacho kila mtu anakijua na karibu hakuna anayekisadiki, akakiweka mahali kinapoonekana kwa macho. Na alipokuwa akifanya hivyo ilimtoka huzuni ambayo mawaidha yenyewe hayakuihitaji.

Alikuwa na cha kuhuzunikia. Pate, katika visiwa vya Lamu, ulikuwa mji wa watawala wa ukoo wa Wanabahani, na katika karne ya 17 na ya 18 ulitajirika kwa biashara ya pembe za ndovu, nguo na bidhaa za ng'ambo. Hariri ilifumwa pale, wafua dhahabu walikuwapo, na wanazuoni wake walitunga mashairi yanayosomwa hadi leo. Ukoo wa mshairi mwenyewe ulikuwa wa masharifu, kizazi cha Sheikh Abubakar bin Salim wa Inat, Hadhramaut. Hakuyatazama maisha ya wakubwa kutoka uani. Alikulia ndani yake, na alijua mto uliwekwa upande gani wa kitanda.

Kisha mji ukaanza kushuka. Wanabahani waligombea kiti wao kwa wao, na ugomvi na Lamu ukawa vita. Mnamo 1812 au 1813 jeshi la Pate, likisaidiwa na Mazrui wa Mombasa, liliteremka Shela na likashindwa vibaya ufukweni. Lamu iliogopa kisasi, ikaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na kutoka hapo uzito wa pwani ya kaskazini ukaiacha Pate moja kwa moja. Utungo wetu ni wa miaka hiyo. Anayeusoma kama hotuba ya mtu aliyejifungia msikitini anasahau kwamba nje ya msikiti ule nyumba za jirani zilikuwa zikipoteza watu.

Mshairi anaanza mbali na nyumba hizo. Baada ya kumsifu Mungu na kumsalia Mtume, anaugeukia moyo wake na kuusemesha kama mtu na ndugu yake mkaidi. Kwa nini husikii? Unachokishikilia ni nini? Halafu anauonyesha dunia kwa mifano inayofuatana upesi. Dunia ni bahari iliyochafuka, yenye miamba. Ni kisima chenye fahali mkali anayewapiga pembe wanaokuja kunywa. Ni vumbi linaloonekana kwenye mwale wa jua, mtu akilifumbata hapati kitu. Ni mangati yanayomdanganya mwenye kiu wakati wa jua kali. Uhai nao ni taa iliyowekwa kwenye upepo. Mifano hii ni mizuri, hasa ule wa vumbi, lakini mingi inaweza kupatikana kwa washairi wengine wa Kiislamu waliotunga juu ya kuipa dunia nyongo, na hao walikuwa na mababu hodari: Abu al-Atahiya wa Baghdad alikuwa bingwa wa aina hiyo ya ushairi katika karne ya 8 na ya 9. Hata Nabii Suleimani, anayetajwa hapo kama mfalme aliyewatawala watu na majini lakini dunia ikamwacha, ni mfano wa kawaida wa watoa mawaidha. Laiti utungo ungeishia hapo, tungeuheshimu na kuusahau.

Haukuishia hapo. Moyo haukutikisika kwa habari za Suleimani, kwa kuwa Suleimani ni wa mbali, na mshairi analijua hilo. Anauambia moyo, kwa maana yake: ikiwa husadiki maneno haya, basi nenda kwenye nyumba zao ukajionee. Kifo kinaacha kuwa hadithi kinakuwa safari ya mtaa wa pili.

Kwanza anatuonyesha nyumba zikiwa hai. Matajiri wa Pate wanapita wakinyoosha shingo, watu wamewatangulia na wengine wamewafuata nyuma. Taa za shaba na za kioo zinawaka mpaka usiku unaonekana mchana. Sahani za kaure zimepangwa ukutani. Usiku vitanda vimetandikwa, mito iko kichwani na miguuni, wapo wa kuwakanda, wapo wa kuwapepea, na wapo wanawake wa kuwatumbuiza bila kunyamaza mpaka usingizi uwachukue. Msomaji asikimbilie kuona hapa lawama tupu. Mtu anayechukia anasa haielezi kwa subira hivi. Mshairi amekaa katika chumba hicho, na kwa beti kadhaa anatuacha tukae naye, tusikie ule wimbo wa kulalia.

Kisha usingizi mwingine unakuja. Waliolalia magodoro wanalala kwenye nyumba ya mchanga, isiyo zulia wala tandiko. Kuta zinawabana, wadudu wanaingia mwilini, nyuso zilizosifiwa zinaharibika. Ukatili wa picha hii uko katika ulinganifu wake: kitanda kwa kitanda, chumba kwa chumba. Kaburi halikuelezwa kama kitu kigeni. Ni nyumba pia, ila mpangaji wake hakuichagua. Watu wa pwani walikuwa tayari kulielewa hilo, maana kaburi la Kiislamu lina mwanandani wake, chumba kidogo kinachochimbwa ubavuni ili maiti alazwe humo kabla ya udongo kurudishwa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye zidaka, na ningependa tukae hapo kidogo. Katika nyumba za mawe za Pate na Lamu, ukuta wa chumba cha ndani ulipambwa kwa safu za vishubaka vya chokaa iliyochongwa, kimoja juu ya kingine, na ndani yake vyombo vya thamani vilivyoletwa na majahazi: kaure za Uchina, sahani za Uajemi na Uhindi. Mgeni aliyefikishwa mbele ya ukuta huo alijua amefika kwa watu wa nasaba na mali. Nyuma ya chumba hicho kilikuwapo kingine, kilichofichika zaidi, kinachoitwa nyumba kati. Humo wanawake walijifungulia, na humo maiti walioshwa. Kwa hiyo mtu wa daraja hilo alizaliwa na kuoshwa kwa mara ya mwisho nyuma ya ukuta ule ule uliobeba fahari ya jamaa yake.

Sasa tumtazame mshairi akiingia gofuni. Kwenye zidaka zilizokuwa na sahani, makinda ya ndege wamelala. Popo wameng'ang'ania juu. Buibui wametanda pale palipotandikwa vitanda. Bundi anakoroma katikati ya nyumba. Ndani ya nyumba kati mende wanavuma. Sebuleni, walipopokewa wageni, nyenje wanalia. Kumbi za nje zimekuwa jaa, viwanja vya ndani vimeota mwitu, na milango inatisha mtu kuipita. Ukibisha hodi unajibiwa na mwangwi wa sauti yako.

Msomaji wa leo huona hapo picha ya ukiwa, na ni kweli. Lakini msomaji wa Pate aliona orodha ya vyumba anavyovijua, kila kimoja kwa jina lake na kazi yake, na kila kimoja kimepewa mnyama wa kukifanyia kazi hiyo kwa kejeli chungu. Sebule bado ina wageni, ila ni nyenje. Mahali pa kutumbuiza bado pana sauti, ila ni ya bundi. Zidaka bado zimebeba vitu vidogo vinavyotunzwa kwa upendo, ila ni vifaranga. Na nyumba kati, chumba cha kuzaliwa na kuoshwa, haina tena wa kuzaliwa wala wa kuoshwa. Mtu akifa nyumba humwosha, humlilia, humsomea hitima, halafu maisha yanaendelea. Nyumba ikifa hakuna wa kuiosha. Hiyo ndiyo mauti ya pili ambayo Sayyid Abdalla aliiona, na sijui mshairi mwingine wa Kiswahili aliyeieleza kwa ukamilifu huo.

Kuna jambo jingine kuhusu zile sahani. Pwani yetu ilikuwa na desturi ya kuzipachika sahani za kaure kwenye makaburi ya wakubwa, hasa yale yenye nguzo ndefu. Makaburi ya Kunduchi, ya Kaole karibu na Bagamoyo, na ya Mambrui karibu na Malindi yanaonyesha bado matundu yake, na kwingine vipande vyenyewe. Chombo kile kile kilichong'aa ukutani kiling'aa pia juu ya maiti. Waliomsikiliza mshairi walikuwa wameziona sahani hizo pande zote mbili. Alipowatajia zidaka tupu, hakuhitaji kuwaeleza sahani zinaishia wapi.

Umbo la utungo nalo linafanya kazi hiyo hiyo kimyakimya. Kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo una mizani kumi, tofauti na minane ya tenzi nyingi. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina chake, kinachobadilika ubeti kwa ubeti. Wa nne, yaani kituo, hurudi daima kwenye -ye, tangu mwanzo hadi mwisho. Kina cha bahari si ajabu, kila mtenzi anacho. Lakini katika lahaja za kaskazini, kitenzi cha jambo lililokwisha kutendeka na ambalo hali yake ingalipo mara nyingi huishia kwa -ie au -iye. Kwa hiyo, katika beti za magofu hasa, kituo baada ya kituo kinafunga kwa jambo lililokwisha: wamelala na wangali wamelala, imekatika na ingali imekatika. Mshororo wa kwanza, wa pili na wa tatu inaweza kutaja taa, wimbo, jina la mtu. Wa nne unafika na kuufunga mlango. Usomapo kwa sauti, kama ulivyokusudiwa kusomwa, sikio linaanza kukitarajia kituo kile na kukiogopa. Hili huwezi kulipata katika muhtasari wa dhamira.

Baada ya nyumba yanakuja majina, na hapa mshairi anauliza swali kongwe la ushairi wa Kiarabu: wako wapi? Tofauti ni kwamba waliouliza swali hilo mara nyingi waliwataja wafalme wa kale ambao hakuna aliyewalilia tena. Sayyid Abdalla anataja watu wa kwao. Anamtaja Ali bin Nasir, jina lile lile linalofuata lake mwenyewe katika nasaba. Anamtaja Abu Bakari, shemeji wa huyo. Anamtaja Mwinyi Idarusi, na Muhudhari. Anawauliza mashekhe, anawauliza wakazi wa mitaa kwa mitaa. Wote wamepangwa sawa, jina baada ya jina, bila ubeti wa pekee wa kulia. Nimesoma maombolezo mengi yenye machozi zaidi ya haya, na machache sana yaliyonigusa hivi. Mtu anayemtaja mzee wake ndani ya orodha, akaendelea na jina linalofuata bila kusimama, amesema juu ya kufiwa jambo ambalo kilio hakilisemi.

Lakini orodha hiyo ina upungufu, na uchambuzi wa haki hauna budi kuusema. Wale waliowakanda matajiri, waliowapepea na kuwatumbuiza hawatajwi wamekwenda wapi. Utajiri wa miji ya pwani ulitegemea kazi ya watumwa, majumbani na mashambani. Nao walikufa. Nyumba ziliporomoka juu ya maisha yao pia. Hakuna anayeuliza wako wapi. Wahakiki wa Dar es Salaam wa miaka ya 1970, walioisoma fasihi kwa jicho la matabaka, walikuwa na haki ya kuona katika tungo za namna hii kilio cha tabaka moja lililoanguka. Tatizo la usomaji huo ni kwamba, ukiachwa peke yake, unaufanya utungo kuwa ripoti ya kufilisika. Na usomaji wa kidini mtupu unaufanya kuwa khutba. Mshairi mwenyewe ametupa njia ya tatu bila kuitangaza. Anapofika Siku ya Hukumu, mtu wa kwanza kupewa nguvu ya kusema ni aliyedhulumiwa: anasimama na kudai haki yake kwa aliyemdhulumu, na deni hilo halilipwi kwa fedha wala dhahabu. Mdhulumiwa huyo hana jina. Mimi namsoma kama mmoja wa wale wapepezi. Sidai kwamba Sayyid Abdalla alimkusudia hivyo. Nadai kwamba utungo uliowataja watu kwa anasa zao haungeweza kumalizika kwa uaminifu bila madai hayo kusikika mahali fulani.

Kutoka hapo tunateremka kwenye mioto yenyewe, mmoja baada ya mwingine kwa majina yake ya Qurani. Beti hizi ni za fundi. Ila tumeshatoka mahali mshairi alipopaona kwa macho yake, tumeingia alipopasoma, na sikio linaitambua tofauti. Aliyeogopeshwa na nyenje wa sebuleni hahitaji sana kuogopeshwa na minyororo.

Ili kuona upekee wa njia hii, tumweke Sayyid Abdalla kando ya wengine wawili. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, kisiwa kile kile cha Pate, alitunga utendi wake mnamo 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Alifariki miaka michache tu baadaye. Kifo kiko karibu na kila ubeti wake, lakini hakitazamwi. Mama ana haraka. Anamwambia mwanawe alete wino na karatasi, kisha anausia: dini, adabu, mume, majirani. Kwake yeye kifo ni kikomo cha muda, na muda uliobaki ni wa kumwandaa anayebaki. Nyumba katika utendi huo ni ya kufagiwa na kufukizwa udi. Yaani, kizazi kimoja baada ya Al-Inkishafi, mwanamke wa kisiwa hicho hicho bado anaitengeneza nyumba. Hilo nalo ni jibu.

Wa pili ni Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962. Shairi lake la kumwomboleza mkewe, Amina, linajulikana na karibu kila aliyesoma Kiswahili sekondari. Hapo kifo kimekuwa cha watu wawili. Mshairi anamwita marehemu kwa jina na kuzungumza naye, na tumaini lake ni kukutana naye tena. Mji haumo, magofu hayamo, hata kaburi halikaguliwi. Kati ya Pate ya Sayyid Abdalla na Tanga ya Shaaban Robert ushairi wetu ulihama kutoka mauti ya ukoo kwenda mauti ya mpenzi, na mashairi mengi ya rambirambi tunayoyasoma magazetini yanafuata njia ya Shaaban. Ni njia nzuri. Lakini imetusahaulisha kwamba kifo kinaweza pia kuupata mtaa, kazi, lugha ya nyumbani, namna nzima ya kuishi, na kwamba ushairi una uwezo wa kukizika kifo cha namna hiyo.

Utungo umetufikia kwa mikono ya watu waliojua thamani yake. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, khatati na mchongaji, aliunakili kwa mwandiko wake mzuri, na William Hichens akauchapisha London mnamo 1939. Chapa hiyo ilirudishwa Nairobi mnamo 1972, na James de Vere Allen akatoa yake mnamo 1977. Vitabu hivyo vilimlenga zaidi msomaji wa Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili wa Mwanza, Nakuru au Bujumbura anayetaka kuusoma leo anahitaji chapa yenye matini ya Kipate upande mmoja na ufafanuzi wa Kiswahili cha kawaida upande wa pili, pamoja na mchoro wa nyumba ya mawe unaoonyesha zidaka na nyumba kati viko wapi. Si kazi kubwa, na wapo wataalamu wa Lamu na Mombasa wanaoiweza.

Hadi chapa hiyo itakapopatikana, nawaomba walimu jambo moja. Msianze na dhamira. Anzeni na beti za nyumba, zisomwe kwa sauti na mtu anayejua Kiamu au Kipate, hata kwa kinasa sauti, mara mbili kabla ya kuelezwa chochote. Waulizeni wanafunzi ni chumba gani kimeguswa na mnyama gani anakaa humo. Mafunzo ya dini watayafikia wenyewe, kwa njia ile ile aliyoipita mshairi.